Mufwankolo na wenzake: historia ndefu ya kuwaiga wakubwa kwa Kiswahili

Katika kambi ya wahami, na hata katika familia zilizopokea wageni wa vita huko Masisi na Walikale, hakukosi mtu mmoja anayejua kuiga. Anaiga chifu akikohoa kabla ya kukata shauri. Anaiga askari wa barieri anayehesabu pesa huku macho yake yakitazama pembeni. Anaiga agenti wa shirika anayesoma majina ya orodha vibaya, mpaka mtu hajui kama ameitwa yeye au jirani yake. Chini ya shitingi watu wanacheka, halafu usiku unapita kwa urahisi kidogo.

Wengi wanaona huo ni mchezo wa kupoteza saa tu. Lakini kazi ya kuiga wakubwa kwa Kiswahili ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa Kongo. Kundi lililojulikana zaidi kwa kazi hiyo lilikuwa Lubumbashi, Katanga, zaidi ya kilomita elfu moja kusini mwa Masisi. Liliitwa Kundi la Mufwankolo. Kwa miaka mingi lilichekesha watu jukwaani, redioni na kwenye televisheni, likitumia Kiswahili cha mtaani ambacho mkaaji wa Nyabiondo au wa Walikale angekifahamu bila mtu wa kumtafsiria.

Historia yao inafaa kujulikana Kivu ya Kaskazini kwa sababu mbili. Inaonyesha namna watu wasio na cheo walivyozungumza juu ya bukubwa mbele ya wakubwa wenyewe. Inaonyesha pia mahali ambapo nguvu za kicheko ziliishia.

Mwanzo: ngoma ya beni

Kabla ya redio kulikuwa na ngoma ya beni. Ilianza pwani ya Afrika Mashariki, upande wa Lamu na Mombasa, kuelekea mwisho wa miaka ya 1800. Jina lenyewe linatokana na bendi ya muziki ya kijeshi. Vijana walitazama wanajeshi wa wakoloni wakipiga tarumbeta na kutembea kwa mistari, nao wakatengeneza bendi zao. Walivaa nguo za kizungu, walipanga gwaride, na walipeana vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Pande mbili zilizojulikana sana katika Tanganyika ziliitwa Marini na Arinoti, na zilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa maneno ya kuchokozana.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoisafirisha ngoma hiyo. Askari na wapagazi walitembea nchi moja hadi nyingine, na jioni walicheza. Wakongomani walikuwemo katika safari hizo. Mwaka 1916 jeshi la Force Publique liliondoka upande wa Kivu, likapita Rwanda na Burundi, na mwezi wa Septemba likaingia Tabora. Wapagazi wengi wa mashariki ya Kongo walibeba mizigo ya vita hivyo, na wengi hawakurudi. Baada ya vita, beni ilikuwa imefika hata Katanga, ambako watu waliiita mbeni. Katika miaka ya 1920 maofisa wa Ubelgiji huko Elisabethville waliitazama kwa wasiwasi. Hawakupenda kuona wafanyakazi weusi wakijipa cheo cha mfalme na cha jenerali, hata kama ni katika mchezo.

Upande wa pili wa mpaka, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ngoma hiyo ilizaa nyingine iliyoitwa kalela. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliandika juu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji walivaa suruali safi na viatu vinavyong'aa. Mmoja alikuwa daktari mwenye kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Mwanamke mmoja alikuwa nesi, akipita kati ya wachezaji na kioo na kitambaa ili wajitazame na kujifuta jasho. Nyimbo zao zilitania makabila yote ya mjini, na watu wa makabila hayo walisimama pale wakisikiliza na kucheka.

Vijana wachekeshaji wa komini ya Kenya

Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, ni mji uliozaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika mjini mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Kasai, Maniema, Rhodesia, Rwanda na kwingine. Kila mmoja alikuja na lugha yake, lakini kazini, sokoni na kwenye parseli lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Zanzibar. Kilikuwa Kiswahili cha kusema batu, batoto na bukubwa, ndugu wa karibu wa kile kinachosemwa Goma, Masisi na Walikale.

Katika mji huo kuna komini inayoitwa Kenya. Jina hilo lisichanganywe na nchi ya Kenya. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana waliunda kundi lililoitwa Jeunes Comiques de la Kenya, yaani Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Watu walifupisha jina likawa Jecoke. Waliimba kwa sauti nyingi kwa mtindo wa makwaya uliotoka kusini na wachimba migodi, walicheza kwa hatua zilizopangwa, na walivaa vizuri. Katikati ya nyimbo waliweka vichekesho.

Mmoja wa watu wao maarufu alikuwa Édouard Masengo, mpiga gita aliyeimba kwa Kiswahili. Alikuwa na undugu na Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Masengo alivuka mipaka, akafanya kazi Nairobi, na sauti yake ikajulikana katika Afrika Mashariki. Jecoke wenyewe hawakufa naye. Vizazi vilibadilishana, na hata baada ya mwaka 2000 jina hilo lilikuwa bado linapanda jukwaani Lubumbashi.

Kundi la Mufwankolo

Katika mazingira hayohayo ndimo alimotokea Odilon Kyembe Kaswili. Watu wachache walimwita kwa jina hilo. Kwa Lubumbashi nzima alikuwa Mufwankolo, jina lake la jukwaani, na kundi lake likachukua jina hilohilo. Wenzake nao walijulikana kwa majina ya mchezo, kama Bwana Cheko na Kachelewa. Mtu alikutana nao sokoni akawasalimia kwa majina hayo, kana kwamba wale watu wa redioni ndio wanaoishi kweli.

Namna yao ya kufanya kazi ni jambo la kuangalia kwa makini. Hawakuwa na maandishi. Kwanza walikaa pamoja na kukubaliana juu ya jambo la kuzungumzia: deni, ulevi, ndoa, wivu, uchawi, kijana asiyesikia wazazi. Kisha waligawa mchezo katika vipande, na kila mmoja akajua anaingia wapi na anatoka wapi. Maneno yenyewe kila mchezaji aliyapata mwenyewe wakati wa kucheza. Kama mwenzake alisema jambo ambalo hakulitegemea, ilibidi amjibu palepale. Kwa hiyo lugha yao haikuwa lugha ya kitabu. Ilikuwa na Kifaransa cha ofisini ndani yake, maneno ya Kiluba na ya Kibemba, methali, na makosa yale ambayo watu wanayafanya kila siku wakiwa na hasira.

Kuiga kulikuwa msingi wa yote. Mzee wa kijiji alikuwa na namna yake ya kukaa. Karani alikuwa na Kifaransa chake cha kujionyesha. Askari alikuwa na sauti yake. Mwanamke aliyechoshwa na mume mlevi alikuwa na namna yake ya kuweka mikono kiunoni. Msikilizaji wa redio hakuwaona, lakini baada ya maneno mawili alikwisha jua ni nani anayezungumza. Televisheni ilipokuja, sura na mavazi viliongezeka juu ya sauti ambazo watu walikuwa wamezizoea tayari.

Zaidi ya hayo, watu walijisikia wenyewe. Ilikuwa nadra Kiswahili cha nyumbani kupewa heshima ya jukwaa. Serikali ilisema Kifaransa, jeshi na nyimbo za Kinshasa zilisema Kilingala, na kanisa lilitafuta Kiswahili kilichosafishwa. Mufwankolo na wenzake walichukua lugha ya jikoni wakaipeleka mpaka kwenye televisheni ya taifa.

Firigisi ya kuku

Mwaka 1986 kundi hilo lilifanya mchezo ambao umesomwa mbali na Lubumbashi. Habari yake iliandikwa na Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na lugha aliyekuwa akifundisha Amsterdam, Uholanzi, na ambaye aliijua Katanga tangu miaka ya 1960. Katika safari yake ya mwaka huo, Fabian alikaribishwa chakula. Kuku aliletwa, na yeye kama mgeni akapewa firigisi. Kwa adabu alitaka kuigawa na wenzake. Akakataliwa, na akaambiwa methali: bukubwa hauliwi nusu, unaliwa mzima.

Mtu wa Kivu hahitaji maelezo marefu hapo. Katika nyumba nyingi firigisi ina mwenyewe, na mtoto anayeichukua jikoni anajua kitakachompata.

Fabian aliwauliza watu mbalimbali maana ya methali ile. Majibu hayakuwa mamoja. Alipowauliza wachezaji wa Mufwankolo, nao walibishana, kisha wakaamua kuifanya iwe mchezo wao unaofuata. Walitengeneza kijiji chenye chifu, wazee wa baraza, wajumbe na raia ambao hawataki tena kusikia amri. Mazoezi yalifanyika mjini, na picha za televisheni zilichukuliwa Kawama, kijiji kilicho nje ya Lubumbashi. Fabian alirekodi mazoezi na mchezo, akaandika maneno yote ya Kiswahili, na mwaka 1990 akatoa kitabu kiitwacho Power and Performance.

Mtu akitazama mwaka ule ndipo anafahamu uzito wa mchezo wenyewe. Mwaka 1986 nchi iliitwa Zaire na Katanga iliitwa Shaba. Kulikuwa na chama kimoja, MPR, na mkubwa mmoja, Mobutu Sese Seko, aliyekuwa amekwisha tawala miaka zaidi ya 20. Televisheni ilikuwa ya serikali. Katika hali hiyo, kundi la wachekeshaji likasimama mbele ya kamera na kuuliza: bukubwa ni nini? Je, kuula mzima ni kuwa na haki ya kumnyima kila mtu? Au ni kubeba mzigo wote, kwa sababu kijiji chenye wakubwa kumi hakina mkubwa hata mmoja?

Mtu wa serikali aliyetazama angeweza kusema: vizuri, wanawafundisha raia kutii. Raia aliyetazama angeweza kusema kitu kingine moyoni. Mchezo uliwaruhusu wote wawili wabaki na jibu lao.

Kuiga aina ya mtu

Hapo ndipo ilipo siri moja ya maisha marefu ya kundi hilo. Walipendelea kuiga aina ya mtu kuliko kumtaja mtu fulani. Chifu wao alikuwa chifu wa kijiji cha mchezo tu. Lakini kila chifu wa kweli aliyetazama aliweza kujiuliza kama kofia ile inamtosha. Raia hawakuachwa nyuma. Mchezo uliocheka mkubwa mwenye tamaa ulicheka pia jirani mwongo, mume mlevi, na mtu anayeshitaki kila siku. Kwa kuwa kila mtu alichekwa kwa zamu yake, hakuna aliyeweza kusema kwa urahisi kwamba amelengwa yeye peke yake.

Njia nyingine ilitumika katika nchi ya Kenya. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass. Wao walimwiga Rais Daniel arap Moi mwenyewe, sauti yake na mwendo wake, kwenye televisheni, wakati yeye bado yuko Ikulu. Wakenya walishangaa, kwa sababu miaka kumi nyuma jambo hilo lingempeleka mtu jela. Moi aliondoka madarakani Desemba 2002. John Kiarie aliingia siasa mwenyewe, na mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini.

Njia hizo mbili hazipingani. Kumwiga mkubwa kwa jina kunawezekana pale ambapo woga umeanza kupungua. Mahali ambapo bunduki iko karibu na mlango, kuiga aina ya mtu ndiyo njia inayomwacha mchekeshaji arudi nyumbani kwake.

Mwaka 1993

Hata hivyo si haki kusimulia habari hii kama vile kicheko kilishinda yote. Lubumbashi ilikuwa imezoea kucheka pamoja, Mluba wa Kasai karibu na Mbemba, Mrund karibu na Mtabwa. Lakini mwaka 1992 na 1993, wanasiasa walipowachochea watu, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hata wale waliozaliwa huko. Wengi walilala miezi kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa kwa magonjwa kabla ya kuondoka. Miaka mingi ya kuongea Kiswahili kimoja na kucheka vichekesho vilevile haikutosha kuwazuia majirani wasifukuzane.

Mwaka huohuo moto uliwaka huku Kivu. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu walikufa na wengine wengi wakahama. Familia nyingi za Masisi na Walikale zinahesabu safari zao za kuhama kuanzia mwaka huo: 1993, 1996, 2007, 2008, 2012, na tena miaka hii ya karibuni.

Kundi la wachekeshaji halina jeshi. Halisimamishi vita ambavyo wengine wamekwisha vipanga. Linachoweza kufanya ni kidogo zaidi, na si kitu cha kudharau: linawafanya watu waendelee kusikilizana. Redio za mashariki zililifahamu jambo hilo. Mchezo wa redio wa Kiswahili kama Kumbuka Kesho ulitengenezwa kwa nia hiyo, ili msikilizaji asikie uvumi ukizaliwa, ukikua na ukiharibu kijiji cha mchezo, kisha aujue siku utakapopita kwake.

Kilichobaki

Michezo mingi ya Mufwankolo ilipita hewani na kuyeyuka, kama karibu vipindi vyote vya redio ya wakati ule. Ule wa mwaka 1986 umebaki neno kwa neno kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kinasa sauti, akauliza ruhusa, akaandika alichosikia. Leo mwanafunzi aliye mbali sana na Kongo anaweza kusoma namna chifu wa Kawama alivyogombezwa na raia wake kwa Kiswahili cha Katanga.

Masisi na Walikale hazina kitabu cha namna hiyo juu ya wachekeshaji wao. Wako, na walikuwako. Kila grupema inamkumbuka mtu wa harusi na wa matanga aliyewaiga padri, chifu na mfanyabiashara wa soko mpaka wenyewe wakacheka. Wengine wamekufa. Wengine wako Goma, Minova, Bukavu, Kampala au kambi ya nchi nyingine, na watu wa kijiji chao wametawanyika, kwa hiyo hakuna tena wasikilizaji wanaowajua walioigwa. Kichekesho cha mtu wa kijijini kinahitaji watu wa kijiji hicho. Wasikilizaji wakitawanyika, sauti ya chifu wa zamani inapotea pamoja na namna yake ya kukohoa.

Kuna jambo moja ambalo Lubumbashi ilionyesha na ambalo halihitaji mradi wala bajeti. Mufwankolo na wenzake hawakungoja jengo, wala maandishi, wala vyombo. Walihitaji jambo la kuzungumzia, watu watano au sita waliokubaliana, na lugha ambayo kila mtu anaisema. Vitu hivyo vitatu vinabebwa kichwani, na vinapita kwenye barieri bila kulipiwa.

Kinachoongezeka leo ni simu. Familia yenye mzee anayejua kuiga inaweza kumrekodi, kwa ruhusa yake, na kusema mwanzoni jina la kijiji, mwaka, na nani anayeigwa. Kama kuna jina linaloweza kumletea mtu hatari, lisitajwe. Aina ya mtu inatosha, kama ilivyotosha Lubumbashi chini ya chama kimoja. Watoto waliozaliwa chini ya shitingi hawajaiona Masisi au Walikale ambayo wazazi wao wanaisimulia. Wakisikia namna mzee wa baraza alivyokuwa akikata shauri la mbuzi, na nyumba nzima ikicheka kwa sababu ndivyo alivyokuwa kweli, watakuwa wameonja kidogo kijiji chao.